Picha ya Mama Mkwe

Tulimzika Daktari Oketcho huko Mwello, kwa baba zake, siku ya jua kali, na mwenye kipaza sauti akaniita nije niseme neno. Nilikataa. Watu walidhani ni kwa sababu nalia, na kweli nilikuwa nalia, lakini si hilo lililonizuia. Anayenijua anajua kwamba kunyamaza si kipaji changu. Nilikataa kwa sababu jambo kubwa kuliko yote ninayoyajua juu ya marehemu, jambo ambalo lingemfanya kila mtu pale asimame, ni jambo lisilosemeka mbele ya wakwe, na wakwe walikuwa wamejaa turubai zima. Kipaza sauti kikaenda kwa mtu mwingine, naye akasema marehemu alikuwa mpole, mcha Mungu, na alipenda chai. Yote kweli. Lakini nilirudi nyumbani Busia nimekasirishwa na ile hotuba ya chai, na hasira ndiyo iliyonikalisha kitako kuandika. Majina nimeyabadilisha, na ruhusa ya kusema nimepewa na mwenye haki ya kuitoa.

Habari za wazazi wangu na shule niliyosoma hazihusiki hapa. Mwaka ninaoutaka ni ule wa kwanza wa kazi yangu, nilipopelekwa kuwa mkunga katika kituo kidogo cha afya huko Lunyo, upande wa Uganda, ambako mashamba ya muhogo yalifika hadi chini ya dirisha la chumba cha kujifungulia. Nilikuwa kijana, na sitajificha nyuma ya unyenyekevu: nilikuwa hodari. Nilijua kazi, nilijua kwamba naijua, na nilikuwa na mdomo. Nilipanga chumba kwa mjane mmoja aliyeitwa Mama Nabwire, katika nyumba ya matofali ya kuchoma yenye vyumba vinne chini ya bati moja, na kuta ambazo hazikufika juu. Mtu akikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha nne anamwambia pole. Mama Nabwire aliuza samaki wakavu Busia ya upande wa Kenya. Alivuka asubuhi na karai, akarudi mchana na sabuni, mafuta na maneno ya soko. Kiswahili chake kilikuwa cha mpakani, cha mbio, kisichojali ngeli, na akikasirika alikichagua hicho badala ya Kisamia, kwa sababu, alivyosema, Kisamia kina adabu nyingi. Jioni alinilisha bila kuniuliza kama nina njaa: ugali wa wimbi na muhogo, mweusi, mzito, wa kushika tumbo mpaka kesho, na mukene wa karanga, wale samaki wadogo ambao ng'ambo ya pili ya mpaka huitwa omena na huuzwa kama vile ni samaki wengine kabisa. Tulikula jikoni, mlango wazi, kuku wakipita katikati ya miguu yetu, naye akinisimulia habari za watu ambao sijawahi kuwaona mpaka nikawajua kuliko ninavyowajua ndugu zangu.

Mwaka huo ndio simu ilipokuja kituoni. Leo nikiwasimulia wauguzi wadogo hucheka, maana kwao simu na tiba ni kitu kimoja, lakini sisi tulikuwa hatujawahi kuona. Ilikuwa simu ya kawaida tu ya kupapasa kioo, kama aliyo nayo leo kila mwendesha boda boda, ila ilivalishwa lenzi na taa ndogo, ikasimamishwa juu ya mguu wa chuma. Kazi yake ilikuwa kupiga picha ya mlango wa kizazi. Unampaka mwanamke siki pale mlangoni, ile ile siki ya kutilia chipsi, unasubiri kidogo, na kama pana mahali pameanza kuharibika panageuka peupe. Jicho langu lingeweza kuona weupe, lakini jicho peke yake hudanganywa. Simu ilikuza, ikaonyesha mishipa, ikaituma picha hadi hospitali ya Tororo kwa daktari aliyefunzwa kuzisoma, na jibu lilirudi kabla birika halijachemka: huyu yuko salama, huyu doa lake ni dogo, lichome hapo hapo kwa kile kifaa cha joto, huyu mlete kwetu. Mashine ya hospitali kubwa inayofanya kazi hiyo ilikuwa bei ya gari. Yetu iliingia kwenye mfuko wa aproni. Saratani ile huchukua miaka mingi kuiva, ukiikuta changa unaing'oa kama magugu ya jana. Ndiyo maana niliipenda ile simu. Mpaka leo, nikiulizwa nimefanya nini duniani, nataja watoto niliowazalisha, kisha nataja siki.

Mwanzoni wanawake waliingia kwa mzaha. Chumba changu kilinuka siki mpaka wakakiita hoteli ya chipsi, na mtu akitoka mwenzake alimuuliza kama amepewa na soda. Halafu uvumi ukaanza: kwamba sista anapiga picha uchi wa watu, kwamba picha zinauzwa Nairobi, kwamba mume wa mtu kule Buhehe ameiona picha ya mke wake ndani ya simu ya mwanamume mwingine. Benchi la nje likabaki tupu. Aliyelijaza tena ni Mama Nabwire. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha akina mama, na Jumapili moja baada ya misa alisimama pale nje ya kanisa, akaegemeza mkono kiunoni, akawaambia kwamba wote waliokuwa pale wamezalishwa na wakunga wenye macho, na hakuna mkunga aliyewahi kufa kwa kuona. Simu, alisema, haijui kusengenya. Wao ndio wanajua. Walicheka, na wiki iliyofuata walikuja, hata kutoka Buhehe. Yeye mwenyewe hakuja. Kila nilipomkumbusha alisema kesho, baada ya soko, baada ya mavuno, nami nikachukulia kwamba ni shughuli tu.

Zile kuta ndizo zilizoniambia ukweli. Alasiri moja nilikuwa nimejilaza baada ya zamu, naye akawa chumbani kwake na dada yake aliyekuja kumtembelea. Walizungumza chini, lakini chini ya bati lile hakukuwa na chini. Nilimsikia akisema damu imerudi, tena haina siku, inakuja inavyotaka, na harufu yake si harufu ya kawaida. Dada akamuuliza amefanya nini. Akasema amemwona mwenye duka la dawa ng'ambo, Busia ya Kenya, akampa vidonge vyekundu na vyeusi, amevimaliza, na damu haijasikia. Niliinuka nikakaa kitandani. Nilijua maana yake inaweza kuwa nini, na nilijua kwamba mwanamke huyu amejaza benchi langu kwa ajili ya wengine huku yeye anafua vitambaa kwa siri. Jioni ile ile, tukila, nilimwambia wazi nimesikia. Hakukasirika. Aliendelea kumega ugali, akasema basi, Sista, Jumatatu nakuja. Nilifurahi sana hata nikaosha vyombo, jambo ambalo kwa kawaida nilijitahidi kulikwepa.

Lakini Jumapili, siku moja kabla, mkwe alikuja. Nilikuwa nikijua kwamba Nabwire, binti yake mkubwa, ameolewa Tororo na daktari, ila jina la daktari huyo sikuwahi kulisikia, kwa sababu kwetu mama mkwe hataji jina la mume wa binti yake. Alikuwa "mkwe wangu", basi. Asiyejua desturi hii lazima nimweleze kidogo: mama mkwe na mkwe wake mwanamume hawashikani mikono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia shambani kana kwamba kuna kitu amekisahau huko. Si chuki. Ni heshima, na kwa Mama Nabwire ilikuwa heshima ya kutetemeka. Siku ile alichinja kuku wawili, akavaa gomesi lake la kanisani, halafu akajifungia jikoni asionekane. Mimi ndiye niliyekuwa njia. Sebuleni nilimkuta mwanamume mrefu, mpole, ana miwani, amekaa ukingoni mwa kiti. Mama Nabwire, ambaye ukuta tu ulimtenga naye, aliniambia nimsalimie mkwe na nimuulize watoto wanaendeleaje. Nilimuuliza. Yeye, aliyekwisha kusikia kila neno, alisubiri nimalize, kisha akaniambia nimwambie Mama wanaendelea vizuri. Nikageuka kumwambia ukuta. Nilikuwa karibu kupasuka kwa kicheko.

Kicheko kilikatika nilipoweka sinia mezani. Yule mgeni alinitazama kwa makini, akauliza kama mimi ndiye sista wa Lunyo, yule wa picha. Nikasema ndimi. Akainuka, akanipa mkono kwa furaha, akasema yeye ni Oketcho. Jina hilo nililiona kila siku chini ya majibu yangu. Tulikuwa tumeandikiana miezi kadhaa bila kuonana. Akaanza kunisifu. Akasema picha zangu ni safi kuliko za vituo vyote, kwamba mwanga wangu ni mzuri, kwamba anaweza kuona kila kitu. Alirudia: kila kitu. Jikoni, ambako kulikuwa na mlio wa mwiko na sufuria tangu asubuhi, kukawa kimya kabisa. Nilijua papo hapo kilichotokea, na yeye, maskini, aliendelea kula paja la kuku akinieleza habari za mishipa.

Alipoondoka, Mama Nabwire alitoka jikoni, akakaa kwenye kiti kingine, si kile alichokalia mkwe, akaniuliza swali moja. "Hiyo picha inakwenda kwa nani?" Nikamweleza: wanaozisoma Tororo ni wawili, Daktari Oketcho na mwanamke mmoja, Daktari Apio, anayekuja siku anazopangiwa. Nikasema picha haina jina wala sura, ina namba tu. Akasema namba ni kwa ajili ya mgeni. Yeye ni mama mzazi wa mke wa mtu, na Mungu anajua namba ile ni ya nani hata kama Oketcho hajui. Alilitaja jina la mkwe wake, kwa mara ya kwanza na ya mwisho masikioni mwangu, kwa mshtuko. Nikambembeleza. Nikamwambia hospitali nyingine iko mbali, nauli ni kubwa, na hapa tuna dawa mlangoni. Mwishowe nikatoa methali niliyokuwa nayo karibu: "Mama, mficha uchi hazai."

"Nimeshazaa, Sista," akasema. "Nimezaa mpaka nimechoka. Sasa wacha nifiche."

Hakuja Jumatatu. Wiki zikapita, naye akaanza kukonda. Aliendelea kuvuka mpaka na karai lake, lakini alirudi mapema, na jioni alipika akiwa amekaa. Sikulala vizuri majuma yale. Nilikuwa na simu yenye uwezo wa kuona kile kilichokuwa kikimla mwanamke anayenilisha, iko kabatini, imejaa chaji, na haikuweza kuvuka ua mmoja. Nilimkasirikia. Nilimwambia heshima itamzika, akaniambia wazee wake wote wamezikwa na heshima na makaburi yao ni mazuri. Nilipomtishia kumwambia binti yake, aliweka mwiko chini, akanitazama kwa macho ambayo sikuyajua. "Sista, mimi naogopa kufa, usifikiri siogopi," akasema. "Lakini mkwe iko na macho. Akiona, mimi nitakaa wapi? Mtoto wangu akizaa tena, nitakwenda kumbeba mtoto namna gani?" Hapo ndipo nilipoacha kumwona kama mtu mkaidi. Hakuwa akichagua kati ya aibu na uhai. Alikuwa akiuliza ataishi wapi baada ya kupona, na mimi, kwa uhodari wangu wote, sikuwa na jibu.

Jibu alilipata mwenyewe, kama wafanyabiashara wa mpakani wanavyopata njia ya panya pale ambapo barabara imefungwa. Asubuhi moja kabla ya soko alinigongea mlango. Akasema nimpigie mkwe wake simu, nisitaje jina la mtu, nimwambie maneno haya: kuna picha itakuja, ya mtu wa heshima yake, yeye asiifungue, aipitishe ilivyo kwa yule daktari mwanamke. Akanifanya nirudie mpaka nikayashika. Nilimpigia Daktari Oketcho nikiwa nyuma ya tangi la maji. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, polepole, "Nimeelewa, Sista. Mwambie huyo mtu nimeelewa." Hakuuliza chochote.

Mama Nabwire alikuja kituoni siku ile ile, kabla hajabadili nia, amevaa gomesi, amejifunga mkanda wake kana kwamba anakwenda harusini. Alipopanda kitandani aliniambia kwamba mpaka nitakapomaliza nisimwite Mama. Nikapaka siki, nikangoja, na weupe ukajitokeza mnene, mpana, kama utando wa uji uliopoa, na ukingo wake mmoja ukaingia ndani ambako sikuweza kuufuata. Nilijua hapo hapo kwamba doa lile halikuwa kazi ya kifaa changu cha joto. Nikapiga picha, tena na tena. Nilipomwambia amalize kuvaa, aliuliza tu kama ni mbaya. Nikasema si nzuri, lakini si ya kukata tamaa, na nilisema hivyo kwa sababu niliamini. Kisha nikaenda kupambana na mtandao. Simu zetu kule zina tabia ya kuvuka mpaka bila kibali: umesimama Uganda, zinakuambia karibu Kenya, na picha inakwama. Nilisimama nyuma ya tangi mkono juu mpaka Uganda iliporudi, nikatuma, nikaandika chini yake: hii ndiyo.

Jibu halikuja kabla birika halijachemka. Halikuja siku ile, wala siku iliyofuata. Majibu ya wanawake wengine yalirudi kama kawaida na jina la Oketcho chini. Lile moja tu lilikaa kimya. Mama Nabwire hakuuliza. Jioni aliniwekea chakula, akanitazama usoni, akaona hakuna kitu, akaendelea kusimulia bei za samaki. Nilitaka kupiga simu, lakini ningesema nini? Daktari alikuwa ameombwa asiijue picha ile. Juma likaisha, mvua zikanyesha, njia ikawa matope matupu, na damu yake ikazidi. Ndipo, asubuhi moja nikiwa na mama anayejifungua, simu ikatetemeka mfukoni. Jibu lilikuwa fupi kuliko yote niliyowahi kupokea. Doa ni kubwa na limeingia ndani. Asichomwe kituoni. Aletwe wiki hii, daktari bingwa wa upasuaji ameshaambiwa. Asingoje. Chini yake: Dkt. Apio.

Tulikwenda Tororo, yeye na mimi, na mfuko wa nguo na kikapu cha mayai. Daktari bingwa alikuwa mzee mmoja mcheshi kutoka mbali, asiyekuwa mkwe wa mtu yeyote. Wodini hatukumwona Oketcho hata mara moja. Tuliambiwa ameomba azungukie vituo vya vijijini wiki nzima, jambo ambalo wenzake walilishangaa kwa sababu ya matope. Nabwire alikuja na uji na shuka safi, akamkalia mama yake kama kuku aliyelalia mayai. Operesheni ilikwenda vizuri. Wakati akiwa bado amelala, nilikwenda kumtafuta Daktari Apio nimshukuru, maana jibu lake lilikuwa limemfungulia mlango mwenzangu. Muuguzi wa wodi ya wazazi alinicheka. Akasema nimechelewa mno: Daktari Apio yuko likizo ya uzazi, amezaa mapacha, na aliondoka hata kabla mvua hazijaanza.

Nilisimama pale koridoni nikapiga hesabu ya siku, na zile siku za kimya zikanijia zote kwa pamoja. Oketcho alikuwa hajaifungua ile picha. Aliiweka, akatafuta mwanamke mwingine wa kuisoma, hakumpata. Akangoja, huku akijua kutokana na kazi yake mwenyewe maana ya kungoja. Kisha siku moja, peke yake, aliifungua. Aliitazama vizuri, kama alivyokuwa anatazama zote, aone kila kitu. Akaandika jina la mtu mwingine chini ya jibu, kisha akakimbilia matopeni asikutane na mgonjwa wake. Nilimpigia. Nikamwambia, Daktari, nimefika kumsalimia Daktari Apio. "Kuna swali lingine, Sista?" akauliza. Nikasema hakuna.

Siku hizi nafundisha, na jambo la kwanza ninalowafundisha vijana ni kwamba mgonjwa akisema hapana, ni hapana, hata kama wewe unajua zaidi. Nalisema kwa sauti kubwa na nalimaanisha. Halafu namkumbuka Oketcho na ile picha, na sauti inapungua kidogo. Mama Nabwire alisema asiifungue, hakusema aachwe afe. Oketcho alipewa maneno mawili yasiyoweza kukaa pamoja, akachagua moja, akabeba lingine mgongoni bila kumwomba mtu amsaidie. Majibu ya maabara yalipokuja, yakisema ubaya wote umetolewa na ulikuwa haujatoka nje ya pale ulipozaliwa, mimi nililia kwa furaha mbele ya watu. Sijui yeye alifanya nini. Siri niliibeba nikarudi nayo Lunyo, nikala nayo jikoni kila jioni, na aliyefichwa siri hiyo akiwa mbele yangu ananona tena, ananisimulia bei za samaki.

Wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, mwendesha boda boda alisimama uani na mbuzi amefungwa nyuma ya kiti. Alitoka Tororo. Alisema tu ametumwa na daktari, mbuzi ni wa Mama, hakuna maneno mengine. Majirani wakashangilia, wakasema mkwe wa kusoma ni baraka, nyama ya sikukuu imefika yenyewe. Mama Nabwire alitoka na mikono yenye unga, akamtazama mbuzi, na mikono ile ikasimama hewani. Alikuwa jike, mchanga, mweupe mwili mzima. Nyama ya Krismasi ni dume. Jike jeupe, kwetu, huletwa na mkwe aliyevunja heshima: labda alimkuta mama mkwe anaoga mtoni, labda alilewa akamkumbatia. Haombi msamaha kwa mdomo, maana kutaja kosa ni kulirudia. Analeta mbuzi. Mama mkwe akimrudisha, mlango umefungwa, na hata binti hana tena raha ya kuja nyumbani. Akiipokea kamba kwa mkono wake mwenyewe, jambo limekwisha na halitasemwa tena. Majirani hawakuwa na habari ya kosa lolote, kwa hiyo waliona nyama tu. Yeye aliona alichokiona.

Aliniita jikoni, akafunga mlango, na alikuwa hajawahi kuufunga tangu nimjue. "Yule daktari mwanamke," akasema. "Uliona uso wake?"

Nilikuwa nimejiandalia uongo miezi miwili, uongo mzuri, uliokamilika. Haukutoka. Nikamwambia, "Hapana, Mama. Alikuwa likizo ya uzazi."

Alikaa kwenye kigoda. Aliufunika uso wake kwa kitambaa cha kichwa, na mabega yakaanza kutikisika, nami nikapiga magoti kumshika, nikidhani nimemuua kwa ulimi baada ya wengine kumwokoa kwa kisu. Alilia, ndiyo. Alilia kwa aibu, akaniambia ana aibu mpaka kwenye mifupa, na nisimwambie asione aibu. Sikumwambia. Nilimshika tu. Nje, yule mtu wa boda boda alianza kuuliza kama amfungue mbuzi au vipi, maana safari ni ndefu. Mama Nabwire alijifuta uso wenye unga na machozi, akasimama, akalinyoosha gomesi lake, akafungua mlango.

Aliutembea ule ua bila haraka mbele ya watu wote. Dada yake, aliyekuja kwa sikukuu, alikuwa ameshanyoosha mkono kuchukua kamba, akamwondoa. Aliichukua mwenyewe, akaizungusha kiganjani, akamgeukia mjumbe.

"Kamwambie mkwe wangu mbuzi imefika," akasema. "Mwambie hatuchinji. Mwambie nataka izae, na mimi niko hapa kuona watoto wake."